Punda wa Njia ya Tabora: Ukoo Wake na Haki Yake

Wakulima wenzangu, kila mmoja wetu amemwona punda, bali ni wachache wajuao ya kuwa ukoo wake ni wa kale kuliko misafara yote iliyopata kupita Tabora. Asili yake ni punda-mwitu wa kaskazini-mashariki ya Afrika, naye alianza kufugwa yapata miaka 7,000 iliyopita. Mtazame mgongoni: utaona mstari mweusi utokao shingoni hata mkiani, na mwingine ukatao mabegani. Hiyo ni alama aliyorithi kwa wazee wake wa porini.

Zamani njia ya Bagamoyo hata Tabora na Ujiji ilikuwa mauti ya farasi. Mwaka 1871 Bwana Stanley aliondoka Bagamoyo na farasi 2 na punda 27. Farasi wote wawili walikufa wangali karibu na pwani, na punda wengi nao walikufa kwa taabu ya safari. Walakini punda waliweza kukaa Unyanyembe. Bwana Burton, aliyefika Kaze mwaka 1857, aliandika kwamba baadhi ya Waarabu wa huko walikuwa na punda wa kupanda walioletwa hata kutoka Unguja. Wenye mali walimpenda punda wa Maskati, mrefu, mweupe. Punda wa kawaida aliitwa kihongwe, wala hakuheshimiwa. Lakini ndiye aliyebaki akimtumikia mkulima, hata baada ya reli kufika Tabora mwaka 1912.

Sifa zake ni hizi. Huvumilia kiu kuliko ng'ombe, na hushiba majani makavu. Ndorobo humdhuru, lakini hustahimili kuliko farasi. Tena hakusumbui kwa kelele akiumwa: husimama kimya tu. Hapo ndipo watu humwita mbishi.

Nilipata kumwona mzee mmoja akimpiga punda wake aliyekataa kwenda na magunia ya mahindi. Tulipofungua kamba, tukakuta kidonda kikubwa chini ya gunia. Mzee akanyamaza. Msimu ule punda hakufanya kazi tena, na mahindi yalichukuliwa vichwani na watoto wake.

Basi yashikeni haya:

1. Mpagazi wa Kinyamwezi alichukua kadiri ya frasila 2. Punda mzima asipite frasila 3, yaani kilo 48.
2. Mtandikie kitu kinene, laini na kikavu kabla ya kumpakia. Mwenye kidonda asipakiwe mpaka apone.
3. Punda hacheui kama ng'ombe. Mpe nafasi ya kula mchana, na maji safi kila siku.
4. Safisha kwato zake, ukitoa mawe na matope.

Tena msiwauze ovyo kwa wachuuzi wa ngozi. Punda jike huchukua mimba miezi 12, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu. Hivyo kundi likiisha halirudi upesi. Kwa sababu hiyo, Februari 2024, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15.

Twasema shukrani ya punda ni mateke. Tujiulize sisi wenyewe: baada ya kutubebea maji, kuni na mavuno, punda amepata nini kwetu ila fimbo?