Siku ya Sita Baada ya Kuondolewa Mafindo

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwenye umri wa miaka 29, alitoka wodini kwa miguu yake asubuhi iliyofuata upasuaji, mkoba begani. Kwa miaka mitatu alikuwa ameugua koo mara nyingi kiasi cha kupoteza hesabu. Kila muhula alikosa vipindi kwa sababu ya homa na maumivu ya kumeza, na kila mara alirudi nyumbani na vidonge vilevile. Alipofika kwake Kibaha alikunywa uji, akalala, na siku ya pili akawapigia simu walimu wenzake kuwaambia kwamba jambo lenyewe halikuwa zito kama alivyotishwa. Usiku wa siku ya tano alikuwa ameketi kitandani huku mate yakimdondoka kwenye kanga, kwa kuwa hakuthubutu kuyameza. Sikio la kulia lilimuuma kama lenye jipu. Mumewe alikwisha kuamini kwamba madaktari wameharibu kitu.

Hakuna kilichoharibika. Kisa hiki kimeunganishwa kutokana na visa vya wagonjwa wengi, na mganga yeyote wa masikio, pua na koo atakitambua mara moja. Mtu mzima aliyeondolewa mafindo, yaani zile tezi mbili zilizo kandokando ya koo ambazo mitaani huitwa tonsesi, haponi kwa mstari ulionyooka. Hupata nafuu ya siku mbili au tatu, kisha maumivu hupanda tena kuanzia siku ya nne hadi ya saba au ya nane, ndipo yanapoanza kushuka kwelikweli. Kwa kawaida safari nzima huchukua siku 10 hadi 14. Mgonjwa ambaye hakuelezwa hili kabla ya kuruhusiwa kuondoka huisoma siku ya tano kama dalili ya hatari, na huogopa wakati usiostahili hofu. Lililo baya zaidi ni kwamba baadaye, hatari ya kweli inapomjia, huenda akaichukulia kuwa ni sehemu ya yaleyale.

Sababu ya mwendo huo iko katika kidonda chenyewe. Jeraha la tumbo hushonwa likafunikwa na bandeji, lakini mahali palipoondolewa findo huachwa wazi, na chini yake kuna msuli wa koo ambao hujikunja kila mtu anapomeza. Siku ya kwanza dawa za chumba cha upasuaji bado zinafanya kazi mwilini. Baada ya hapo uvimbe huongezeka, miisho ya mishipa ya fahamu huwa myepesi kuchokozeka, na utando uliofunika kidonda huanza kubanduka. Kwa mtu mzima kuna jambo la ziada: findo lililougua mara kwa mara kwa miaka hugandamana na msuli kwa makovu, hivyo kulitenganisha huacha jeraha kubwa kuliko la mtoto. Ndiyo maana mtoto wa miaka sita huonekana akikimbia uani baada ya wiki moja, ilhali shangazi yake aliyefanyiwa upasuaji uleule bado anakunywa uji kwa kijiko.

Maumivu ya sikio nayo yana maelezo. Neva ya tisa ya fuvu hupokea hisia za eneo la findo, na tawi lake jingine hupokea hisia za sikio la kati. Ubongo hushindwa kupambanua ujumbe umetoka wapi. Sikio likichunguzwa huonekana zima, na matone ya sikio yanayonunuliwa dukani hayasaidii kitu.

Mume wa mwalimu alipommulika kooni kwa tochi ya simu aliona utando mzito, mweupe wenye rangi ya manjano, na harufu aliyoisikia haikumpendeza. Neno lililomjia ni usaha. Hapa ndipo makosa mengi hufanyika, na si ya ndugu peke yao. Utando huo ni protini ya damu iliyoganda pamoja na seli zilizokufa. Ndio kifuniko cha kidonda cha kinywani, kama lilivyo gaga kwenye goti lililochunika, ila kwa kuwa daima umelowa mate hubaki mweupe na laini. Haufai kusuguliwa kwa pamba wala kukwanguliwa kwa kijiko, kwa maana chini yake kuna mishipa midogo ya damu iliyofungwa na huohuo utando. Mhudumu wa zahanati anayeuona kwa mara ya kwanza hushawishika kuandika dawa za viuavijasumu. Tafiti zilizokusanywa na kupimwa kwa pamoja hazikuonesha kwamba kuwapa wagonjwa wote dawa hizo hupunguza maumivu au kutoka damu. Homa ndogo ya siku mbili tatu za mwanzo si ajabu. Homa inayozidi nyuzi 38.5, au inayodumu, inahitaji uchunguzi wa kweli, ikiwa ni pamoja na kipimo cha malaria, kwa maana mbu hakuambiwa kwamba mtu huyu ametoka kufanyiwa upasuaji.

Asubuhi ya siku ya sita mama mkwe alifika na chupa ya mtori. Alimtazama mkwewe kooni, akaona kimeo kimevimba na kurefuka hadi kinagusa ulimi. “Mwanangu, kimeo kimekushukia,” alisema. “Hao wamekata kingine, hiki wamekiacha. Nitakupeleka kwa mzee mmoja akikate yaishe.” Mama huyu alisema kwa mapenzi, na alisema kile alichokisikia tangu utotoni. Lakini kimeo huvimba baada ya upasuaji huu kwa sababu kipo jirani na jeraha, nacho hurudi katika ukubwa wake chenyewe baada ya siku chache. Kukikata kwa kifaa kisichotakaswa, ndani ya koo lenye vidonda viwili vibichi, ni kualika damu nyingi, maambukizi na pepopunda. Mganga anayempa mgonjwa ruhusa ya kwenda nyumbani na asitaje kimeo amesahau kwamba katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki maumivu yoyote ya koo huanzia na kuishia hapo.

Mtori ule, kwa upande mwingine, ulikuwa dawa. Mgonjwa anayeacha kumeza hukaukiwa kinywa, utando hupasuka, misuli ya koo hukakamaa, na kumeza kunakofuata huuma zaidi; hivyo hunywa kidogo zaidi, na mduara hujifunga. Lita 2 za vinywaji kwa siku, funda moja baada ya jingine, ndilo lengo la busara kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa moyo au figo. Mkojo mweusi kama chai ya rangi ni ushahidi kwamba hajafikia lengo hilo. Maji ya baridi, madafu, maziwa, uji mwepesi, supu ya vuguvugu, ndizi zilizopondwa na ugali laini kwa mlenda vyote vyafaa. Juisi ya ndimu, ukwaju na pilipili huchoma, ingawa havidhuru. Vitu vikavu na vyenye ncha kali kama bisi na vipande vya mkate uliokaushwa ni afadhali visubiri. Kusukutua koo kwa nguvu kwa maji ya chumvi kusubiri pia. Kupiga mswaki kwa upole kusisubiri. Sigara na pombe viachwe. Anayekusudia kufunga azungumze na daktari kabla ya tarehe ya upasuaji kupangwa, kwa sababu wiki mbili za mwanzo haziendani na saumu.

Mwalimu yule alikuwa na paracetamol mkobani, ila alikuwa akiimeza “yakizidi”. Maumivu haya hayashindwi kwa mtindo huo. Kwa mtu mzima mwenye uzito wa kawaida na ini zima, gramu 1 hutolewa saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni na saa 6 usiku, isizidi gramu 4 kwa saa 24, na mgonjwa aamshwe usiku ikibidi. Nusu saa baada ya dozi ndiyo saa ya kula. Daktari akiona inafaa huongeza ibuprofen, isipokuwa kwa mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au pumu inayochochewa na dawa hizo. Aspirini iepukwe kwa kuwa huzuia damu kuganda. Anayeitumia kwa ajili ya moyo asiiache wala kuirudia bila ushauri wa daktari wake. Dawa nyingi za mafua zina paracetamol ndani yake, na mgonjwa anayechanganya hizo na vidonge vyake hupita kiwango bila kujua. Kodeini ina tahadhari ya pekee: baadhi ya watu huigeuza kuwa mofini kwa kasi mno, na mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataza itolewe kwa watoto baada ya upasuaji huu kutokana na vifo. Mama anayenyonyesha asipewe.

Sasa hatari yenyewe. Damu inayotoka ndani ya saa 24 za kwanza mara nyingi humkuta mgonjwa bado yuko karibu na waganga. Ile ya pili hutokea zaidi kati ya siku ya 5 na ya 10, utando unapobanduka, na humkuta nyumbani, mara nyingi usiku. Watu wazima hutokwa na damu mara nyingi kuliko watoto. Katika utafiti uliofanyika katika hospitali 27 za Uingereza na kuchapishwa mwaka 2023, ukihusisha wagonjwa 453 wenye mafindofindo ya kujirudia, takriban mmoja kati ya watano waliofanyiwa upasuaji alitokwa na damu kwa kiwango fulani. Utafiti huohuo ulionesha pia faida: katika miezi 24, mgonjwa wa kati katika kundi la upasuaji alihesabu siku 23 za kuumwa koo, na yule wa kundi jingine siku 30, zikiwemo siku za uponaji. Faida ipo, na ina bei yake. Anayeugua mara moja kwa mwaka hana sababu ya kuilipa.

Mwalimu aliamka saa nane usiku wa kuamkia siku ya saba akihisi ladha ya chuma mdomoni. Alitema, akaona damu nyekundu kiasi cha kijiko cha chai, kisha ikakatika. Mumewe alitaka wasubiri kuche. Karatasi aliyopewa wodini ilikuwa na mstari mmoja ulioandikwa kwa mkono: “Damu yoyote mbichi, rudi saa hiyohiyo, hata ikikoma.” Donge dogo linaloziba mshipa kwa saa moja linaweza kung'oka saa inayofuata, na damu inayomezwa haionekani mpaka itapikwe ikiwa nyeusi. Walikodi gari. Alikaa wima, ameinamia mbele, akitema kwenye beseni badala ya kumeza.

Anayempokea mgonjwa kama huyu katika kituo cha afya asisubiri damu ianze upya ndipo amwamini. Mapigo ya moyo yapimwe mara kwa mara, kwa maana kijana mwenye nguvu hutunza shinikizo la damu hadi dakika za mwisho. Aweke kanula nene mkononi na kuanzisha dripu, achukue damu ya kupima wingi wake na kundi, asimpe chakula wala kinywaji kwa kuwa huenda akarudi chumba cha upasuaji, na apige simu ya rufaa wakati hayo yakiendelea. Asilichokonoe donge ikiwa damu imekoma. Ikimwagika kwa nguvu, shashi iliyoloweshwa adrenalini, ikashikwa kwa koleo refu na kukandamizwa kuelekea ubavuni mwa koo, hununua muda wa kusafirisha mgonjwa.

Mwalimu hakuhitaji kurudishwa chumba cha upasuaji. Alilazwa saa 24, akaangaliwa, akapewa ratiba ya dawa iliyobandikwa ukutani juu ya kitanda, na kwa mara ya kwanza tangu wiki ianze akameza bakuli zima la uji. Siku ya kumi sikio lilinyamaza. Siku ya kumi na mbili utando ulikuwa umebaki vipande, na chini yake nyama ya waridi. Cheti chake cha mapumziko kilikuwa cha wiki moja. Daktari aliongeza ya pili, kwa sababu mwenye darasa la watoto sabini hafundishi kwa kunong'ona.