Maji, Njia na Kivuli: Mafunzo ya Kingo za Mito ya Kale

Sifa njema zote ni za Allah, Aliyejaalia kila kilicho hai kitokane na maji. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake.

Katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Mtume (s.a.w.) ametuonya tusiende haja katika mahali patatu: penye kutekwa maji, katikati ya njia, na kivulini wanapopumzika watu. Wengi wetu tuliisoma chuoni katika mlango wa twahara, tukaishia kwenye adabu za choo. Lakini tukiitazama tena tutaona kuwa imetaja vitu vitatu ambavyo mji hauishi bila ya hivyo, na ambavyo si milki ya mtu mmoja: maji, njia na kivuli. Leo wasanifu wanapokusudia kuuhuisha ukingo wa mto wa kale ili ufae kwa maisha ya sasa, kazi yao yote huzunguka humo humo. Tuitazame kazi hiyo katika miji miwili ya Kiislamu, Fes na Riyadh, kisha tujitazame sisi wenyewe.

Mji uliolelewa na mto

Fes, ulioko kaskazini mwa Moroko, ulianza kwa mitaa miwili iliyotazamana, mto ukipita kati yake. Ng'ambo moja walikaa watu waliohama kutoka Andalusia, na ng'ambo ya pili waliotoka Qayrawan. Upande huu wa pili ndipo Bi Fatima al-Fihri, kama ilivyopokewa na wanahistoria, alipotoa mali yake ya urithi mwaka 859 ukajengwa msikiti wa Qarawiyyin, ambao baadaye ukawa chuo kikuu mashuhuri. Katika karne ya 11 watawala wa Murabitun waliiunganisha mitaa hiyo ikawa mji mmoja.

Watu wa Fes waliujua ustadi wa maji. Mto ulipokaribia mji waliugawa kwa mifereji, maji yakaingia misikitini kwa ajili ya udhu, yakaingia hamamu, majumbani na kwenye vinu. Maji yaliyokwisha kutumika yalipewa mifereji yao mbali, yakateremka hadi bondeni na kutoka nje ya mji kuelekea mto mkubwa wa Sebou. Kilicho safi hakikuchanganywa na kilicho kichafu. Waqfu za Waislamu zilisaidia kuyatunza mabomba, mabirika na visima hivyo vizazi kwa vizazi. Hapo ndipo tunapoona kuwa twahara haikuwa jambo la mtu na birika lake tu, bali ilikuwa pia nidhamu ya mji mzima.

Mficha maradhi

Katika karne ya 20 nidhamu hiyo ililemewa. Watu waliongezeka, na majitaka ya nyumba yakamiminwa mtoni bila kusafishwa. Watengenezaji wa ngozi, ambao zamani walitumia majani, chokaa na kinyesi cha njiwa, waliingiza dawa za viwandani zenye madini ya kromi, nayo ni sumu isiyooza. Mto ukanuka, ukawa jalala. Nao wakubwa wa mji, walipotaka pia njia ya magari ya kuingilia mji mkongwe, waliufunika sehemu zake kwa zege. Juu pakapita magari na pakaegeshwa mabasi, na chini uchafu ukaendelea na safari yake.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humfichua. Zege liliufunika mto lakini halikuusafisha. Sumu iliteremka ile ile hadi Sebou, ambao maji yake hutegemewa na wakulima walioko chini yake. Na mji mkongwe, ambao mwaka 1981 UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia, ukapoteza mahali pake pa wazi. Anayeijua mitaa ile iliyosongamana, yenye vichochoro vinavyopitika kwa miguu na punda tu, ataelewa hasara hiyo: mto ndio uliokuwa pumzi ya mji.

Fikra ya kuufunua ilipata nguvu kwa juhudi za mwanamke mzaliwa wa Fes, msanifu majengo Aziza Chaouni, ambaye baadaye alisimamia pia ukarabati wa maktaba ya Qarawiyyin. Yeye na mwenzake Takako Tajima walichora mpango wa kuusafisha mto na kuzirudisha kingo zake kwa wakaazi. Mpango huo ulipata tuzo ya dhahabu ya kimataifa ya Holcim mwaka 2009. Ndani yake maji husafishwa kwanza kwa mitambo na kwa mimea ya kinamasi. Zege huondolewa, na penye maegesho pakawa njia za miguu, bustani na viwanja vya watoto. Sehemu ya mto imekwisha kufunuliwa, mji ukajengewa mtambo wa kusafishia majitaka, na eneo likatengwa nje ya mji mkongwe kwa kazi za ngozi zenye sumu.

Hapa pana mtihani mkubwa. Ukimhamisha fundi ili mto upendeze, na fundi huyo ana wake na watoto, je, umeujenga mji au umeuvunja? Ndiyo maana katika uwanja wa Lalla Yeddouna, ulioko ukingoni mwa mto huo huo, mpango uliochaguliwa mwaka 2011 kwa mashindano ya wasanifu ulikusudia mafundi wa mikono waendelee kuwa na karakana zao pale pale. Ukingo uliopambwa kwa ajili ya mgeni apigaye picha, ilhali mwenyeji ameshindwa na kodi akahama, haujahuishwa. Umebadilishiwa wenyewe tu.

Bonde la Hanifa

Fes yatufundisha kuanza na maji. Riyadh, katika Saudi Arabia, yatufundisha habari ya kivuli na sitara. Bonde la Hanifa, lenye urefu wa kilomita 120, hupita kando ya mji huo, na ukingoni mwake ndipo ulipo mji wa kale wa Diriyah. Kwa miaka mingi bonde hilo lilichimbwa mawe, likatupwa vifusi na kumwagiwa maji machafu ya mji.

Wahusika walipoamua kulirudisha katika hali yake, waliondoa vifusi, wakapanda miti ya asili ya jangwani, na wakajenga mahali pa kuyasafisha maji bila dawa kali: maji hupita juu ya mawe, huingizwa hewa, na viumbe vidogo, mimea na samaki huila taka yake. Maji hayo hutumika tena kumwagilia. Mwaka 2010 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo.

Lakini jambo linalostahiki kuangaliwa na akina mama ni hili: kandokando ya maji walijenga baraza za mawe zilizozungushiwa kuta fupi, ili kila familia ipate kukaa na watoto wake kwa sitara, ikila na kuzungumza bila kukodolewa macho. Heshima ya mwanamke haikuachwa ijitafutie pembe, bali iliingizwa katika ramani tangu mwanzo.

Na sisi wa pwani

Miji yetu ya kale imejengwa juu ya ukingo wa bahari, lakini hukumu ni ile ile. Lamu, uliomo katika Urithi wa Dunia tangu 2001, una mifereji ya mitaani inayoteremka hadi baharini. Kinachotupwa mferejini asubuhi, jioni kiko ufuoni. Mombasa, ukingo wa Mama Ngina ulifunguliwa upya mwaka 2019 baada ya kutengenezwa, na familia huenda kupunga upepo, kula mihogo na kunywa madafu. Ni neema, na neema hutunzwa.

Mafaqihi walikwisha kuweka hukumu ya harimu: kisima na mto vina eneo lake pembeni lisilomilikiwa na mtu wala kujengwa, ili watu wayafikie maji na taka yake ipate kuzolewa. Anayejenga ukuta hadi majini, au kuelekeza bomba la choo chake ufuoni, ameidhulumu haki ya watu wote, wakiwemo wasiozaliwa bado.

Kazi yaanzia jikoni. Mafuta yaliyokaangiwa yasimwagwe mferejini, nepi zisitupwe pwani, na watoto wafundishwe kuwa kuondoa chenye kudhuru njiani ni ibada. Kisha, serikali inapoita mikutano ya kukusanya maoni ya wananchi kuhusu ukingo wowote unaotaka kujengwa upya, akina mama wahudhurie na wahoji mambo matatu. Maji yatakuwa safi, au yatafunikwa tu? Njia itapitika na bibi kizee mwenye mkongojo na mama mwenye mtoto mgongoni? Kivuli kitakuwapo, na sitara ya kukaa familia?

Mpango usio na jibu la maswali hayo haujakamilika, hata uwe na taa na mapambo kiasi gani.

Twamuomba Allah Atujaalie kuwa miongoni mwa wanaoitengeneza ardhi na si wanaoiharibu, na Awape watoto wetu fukwe na mito waliyo safi kuliko tuliyoikuta. Amin.