Kunakili, Kutohoa na Kuiga: Istilahi za Michezo ya Mitambo ya Sarafu Ilipoingia Majumbani

Mtafsiri anayepewa maandishi juu ya historia ya michezo ya kompyuta hukutana upesi na sentensi isemayo kwamba mchezo fulani, uliozaliwa katika mtambo mkubwa wa kutiwa sarafu, ulinakiliwa katika konsoli, yaani chombo cha nyumbani kinachounganishwa na televisheni. Huliandika neno hilo bila wasiwasi, kwa kuwa nakala ni neno kongwe na kila karani analijua. Lakini karani anapotoa nakala ya barua, maneno ya nakala huwa ni yale yale ya barua. Katika michezo tunayoizungumzia hapa mambo hayakuwa hivyo hata kidogo. Tutaeleza kwanza ni nini hasa kilichotendeka, kisha ndipo tupendekeze maneno.

Mchezo uitwao Space Invaders ulitolewa na kampuni ya Taito nchini Japani mwaka 1978, na mtungaji wake ni Tomohiro Nishikado. Katika mtambo huo mlikuwa na viumbe wavamizi 55, waliopangwa safu 5 za viumbe 11, na mchezaji alijikinga nyuma ya ngome 4. Mwaka 1980 kampuni ya Atari, kwa idhini ya wenyewe, iliutoa mchezo huo kwa ajili ya konsoli yake iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1977. Katika toleo hilo wavamizi ni 36, safu 6 za viumbe 6, na ngome ni 3.

Msomaji ataona kwamba hii si nakala. Wala haikuwezekana iwe nakala. Prosesa ya mtambo ilikuwa ya aina nyingine kabisa, na amri zilizoandikiwa hiyo hazikueleweka na prosesa ya konsoli. Tena mtambo ulikuwa na kumbukumbu ya baiti 7,168 kwa ajili ya picha peke yake, ambapo konsoli ilikuwa na baiti 128 kwa shughuli zake zote. Baiti hizo 128 hazitoshi kuhifadhi picha nzima ya kiwambo kimoja. Kwa hiyo programu ya konsoli ililazimika kuichora picha mstari kwa mstari, wakati ule ule mwali wa televisheni ulipokuwa ukipita. Vitu vyenye kwenda vilivyotolewa na umeme wa chombo hicho vilikuwa vitano tu: wachezaji wawili, risasi mbili na mpira mmoja, kwa kuwa waundaji wake walifikiria hasa michezo ya aina ya tenisi ya mezani na ya vifaru vya vita. Rick Maurer, aliyeandika toleo la nyumbani la Space Invaders, alitunga programu mpya kutoka mwanzo hadi mwisho.

Jambo moja la mchezo huo lastahili kutazamwa zaidi. Katika mtambo wa asili, kadiri wavamizi wanavyouawa ndivyo waliobaki wanavyokwenda mbio. Hali hiyo ilitokana na udhaifu wa prosesa: kazi ya kuchora ilipopungua, kasi iliongezeka, na Nishikado akaona ni vema aiache ilivyo. Katika konsoli, ambayo huchora kwa njia nyingine, mwendo huo usingekuja wenyewe. Ilibidi uandikwe kwa makusudi. Mwandishi aliyeacha wavamizi 19 na ngome moja hakuacha mbio zile. Alijua kilicho mwili wa mchezo na kilicho nguo yake.

Mfano wa upande wa pili ni Pac-Man, mchezo wa Namco wa mwaka 1980 uliobuniwa na Toru Iwatani. Toleo la konsoli ya Atari lilitoka mwaka 1982, likaandikwa na Tod Frye katika kaseti ya baiti elfu nne hivi. Mizimwi wanne walilazimika kupokezana nafasi moja ya kuchorwa, kila mmoja akionekana mara 15 kwa sekunde badala ya mara 60, na ndiyo sababu wanapepesa mbele ya macho kama taa ya chemli upeponi. Nukta zimegeuka kuwa vijiti. Milango ya kutokea, ambayo katika mtambo iko kulia na kushoto, imehamishiwa juu na chini. Rangi pia si zile. Wengi wamelaumu huko kupepesa, lakini sisi twaona hasara kubwa zaidi ilikuwa ya njia. Wachezaji hodari wa mtambo walikuwa wamezikariri njia za kupita, kwa kuwa mizimwi ya mtambo hufuata kanuni zisizobadilika. Na katika toleo la nyumbani, lenye njia nyingine, elimu yao yote haikuwafaa kitu. Mamilioni ya kaseti hizo yaliuzwa, na malalamiko yalikuwa mengi vilevile. Mwaka 1983 ulitoka mchezo wa Ms. Pac-Man kwa konsoli ile ile, katika kaseti yenye nafasi maradufu, nao ukawa karibu zaidi na mtambo wake. Chombo hakikubadilika, mtunzi alipewa nafasi pana zaidi.

Je, kitendo hiki tukiiteje? Tafsiri ni neno la kuvutia, lakini katika maandishi ya kompyuta limekwisha kupewa kazi nyingine, ya kugeuza lugha ya programu kuwa lugha ya mashine, na hatupendi kulibebesha mzigo wa pili. Sisi twapendekeza neno ambalo watu wa istilahi wanalo kila siku mkononi, nalo ni kutohoa. Neno la Kiarabu lenye konsonanti mbili mwishoni lilipofika pwani halikuachwa hivyo. Lilitiwa irabu likawa wakati, likawa fikira, ili ulimi wa Mswahili uweze kulichukua. Kinachobaki ni umbo linalotambulika, lililotengenezwa upya kwa sauti tulizo nazo. Wavamizi 55 kuwa 36 ni jambo la namna hiyo hiyo. Na kama ilivyo katika lugha, utohozi waweza kuwa wa sifa au wa aibu. Kwa hiyo tuseme mchezo umetoholewa kwa konsoli fulani, na aliyefanya kazi hiyo ni mtohozi.

Kunakili tukuhifadhi kwa pale panapostahili. Mwaka 1990 kampuni ya SNK ya Japani ilitoa Neo Geo, ambayo ilikuwa na umeme wa namna moja katika mtambo wa sarafu na katika konsoli. Programu ilikuwa ile ile. Hapo neno nakala ni la haki. Bei yake ilikuwa takriban dola 650 za Marekani, jambo linaloonyesha kwa nini wengine waliendelea kutohoa.

Mtumishi wa serikali anayesoma makala haya huenda akadhani huu ni ugomvi wa wanalugha. Basi na atazame mikataba. Nintendo ilipotoa idhini juu ya mchezo wake wa Donkey Kong wa mwaka 1981, haki ya konsoli ilipewa kampuni ya Coleco na haki ya kompyuta za nyumbani ikapewa Atari. Mwaka 1983 Coleco ilionyesha hadharani kompyuta yake iitwayo Adam, yenye kuweza pia kuchezesha kaseti za konsoli yake, na mchezo ulioonekana kiwamboni ni Donkey Kong. Atari ilikuja juu. Je, chombo kile ni konsoli au ni kompyuta? Wakati huo Atari na Nintendo walikuwa katika mazungumzo ya kuuza konsoli mpya ya Nintendo nje ya Japani, na tukio hilo lilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoyakwamisha. Mtafsiri wa mkataba kama huo akiandika "chombo" mahali pote, kwa kuogopa kuchagua, ameifuta haki ya mmojawapo.

Donkey Kong pia wafaa kutufundisha juu ya neno uaminifu, ambalo waandishi hulitumia ovyo. Mtambo una hatua nne. Toleo la Coleco la mwaka 1982 lina tatu, na toleo la konsoli ya Nintendo yenyewe la mwaka 1983 nalo lina tatu. Kiwambo cha mtambo kimesimama wima, cha televisheni kimelala, hivyo majukwaa yamebanwa. Hata mwenye mali hakuutohoa mchezo wake mzima. Twashauri mwandishi asiseme tu kwamba toleo ni aminifu, bali ataje ni kwa picha, kwa sauti, kwa mwendo, au kwa kanuni. Street Fighter II ya Capcom, ya mwaka 1991, ilipotoholewa mwaka 1992 kwa konsoli ya Super Nintendo, upana wa picha ulipungua kutoka pikseli 384 hadi 256, lakini vibonyezo vyote sita vilipata mahali pake, na mkono wa mchezaji ukakuta kazi yake.

Kuiga ni kitendo cha tatu. Hapa mchezo haubadilishwi. Kompyuta ya leo hufanywa ijifanye kuwa mtambo wa zamani, amri kwa amri, na programu ya asili hutiwa ndani yake. Mradi wa MAME, ulioanzishwa na Nicola Salmoria mwaka 1997, ni wa namna hii. Chombo ndicho kinachoiga, si mchezo, na sentensi ya Kiswahili haina budi kuonyesha mtenda ni nani.

Limebaki jambo ambalo maneno yetu matatu hayalifikii. Soulcalibur, mchezo wa Namco wa mwaka 1998, ulitolewa mwaka 1999 kwa konsoli ya Dreamcast, na picha za nyumbani zikawa bora kuliko za mtambo. Kuita hilo utohozi ni sawa kwa upande wa kazi iliyofanyika, maana programu iliandikwa upya kwa chombo kingine. Lakini msomaji aliyezoea kwamba kutohoa ni kupunguza atashangaa, na ni heri mtafsiri amwongezee maneno mawili matatu ya kumweleza.