Kabla ya kuchoma CD ya familia, angalia kwanza aina ya faili

Watoto wamekusanya nyimbo ambazo bibi yao anazipenda, wakazichoma kwenye CD na kumpelekea kijijini wakati wa likizo. Bibi anaweka CD kwenye redio yake ya siku nyingi, wajukuu wanamzunguka, wote wanasubiri. Redio inazungusha diski mara mbili tatu, kisha inanyamaza. Nyumbani mjini, CD hiyohiyo ilikuwa ikiimba vizuri kwenye deki.

Si redio mbovu, wala CD si feki. Tatizo ni aina ya faili iliyotumika, na ni jambo ambalo mzazi anaweza kulielewa kwa dakika chache.

CD mbili, sura moja

Kuna namna mbili za kuchoma muziki. Ya kwanza ni CD ya muziki ya kawaida, ambayo kanuni zake ziliwekwa na kampuni za Philips na Sony mwaka 1980. Sauti yake haibanwi. Inapimwa mara 44,100 kwa kila sekunde, na diski moja inabeba dakika 74 hadi 80 tu. Hii inasomwa na karibu kila redio ya CD, hata ya zamani.

Ya pili ni CD ya data. Hapa faili za MP3 zinawekwa kwenye diski kama zilivyo, kama mtu anavyoziweka kwenye fleshi. Kwa kuwa MP3 ni ndogo, diski ya MB 700 inaweza kubeba muziki wa zaidi ya saa 10. Lakini redio ambayo haikutengenezwa kusoma MP3 haitaelewa chochote. Ndicho kilichomkuta bibi.

Mzazi aangalie redio au deki inayokusudiwa. Ikiwa imeandikwa MP3 mbele, CD ya data itafaa. Ikiwa haina maandishi hayo, au hakuna wa kuthibitisha, achague kwenye programu ya kuchomea sehemu ya CD ya muziki, yaani audio CD. Programu yenyewe itazigeuza faili za MP3 ziwe katika mfumo ambao redio inauelewa.

WAV, FLAC au MP3?

WAV ni sauti kamili isiyobanwa. Dakika moja ya sauti yenye ubora wa CD huchukua takribani MB 10. FLAC nayo hubana faili bila kupoteza chochote, hivyo inaokoa nafasi na ubora unabaki palepale. MP3 ni tofauti: hupunguza ukubwa kwa kutupa sehemu za sauti ambazo sikio la kawaida si rahisi kuzitambua. Kadiri inavyobanwa zaidi, ndivyo inavyotupa zaidi. MP3 ya kiwango cha 320 inasikika vizuri kuliko ya 128, hasa kwenye spika kubwa.

Kilichotupwa hakirudi. Wapo wanaodhani kuigeuza MP3 kuwa WAV kunaiongezea ubora. Ni sawa na kuchukua juisi iliyokwisha kuzidishwa maji na kuimimina kwenye jagi kubwa: jagi limebadilika, utamu ni uleule. Kwa hiyo mwenye WAV au FLAC achomee hiyo. Mwenye MP3 pekee atumie MP3 hiyohiyo, asiigeuze mara nyingi kutoka aina moja kwenda nyingine.

Sauti isiyopatikana dukani

Kwa nyimbo za wasanii, kosa si kubwa, kwani wimbo unaweza kutafutwa tena. Hasara ya kweli ipo kwenye sauti za familia: babu akisimulia historia ya ukoo, mtoto akihesabu kwa mara ya kwanza, mama ambaye sasa ni marehemu akiimba jikoni. Sauti hizo mara nyingi zipo mahali pamoja tu, kwenye simu.

Simu nyingi hurekodi katika mfumo wa M4A, na ujumbe wa sauti wa WhatsApp huwa katika Opus. Zote mbili tayari zimebanwa. Ili kupata CD ya kusikiliza, programu huzigeuza, na hapo hakuna ubaya. Ubaya ni kufuta faili ya mwanzo baada ya CD kuwa tayari. CD inakwaruzika, na diski ya kuchoma huharibika ikiachwa juani, kwa mfano kwenye dashibodi ya gari. Ikiharibika, na faili ya simu imefutwa, sauti ya babu imekwenda.

Kwa hiyo faili ya mwanzo itunzwe kama ilivyo, angalau sehemu mbili: kwenye kompyuta na kwenye fleshi, au kwa ndugu anayeishi mji mwingine. Anayeituma faili kwa WhatsApp aitume kama dokumenti ili ifike bila kubadilishwa.

Wakati wa kuchoma

Inunuliwe CD-R, si CD-RW, maana redio nyingi za zamani hazisomi CD-RW. Programu iachwe imalize na kuifunga diski. Mwendo wa kuchoma usiwe wa juu kabisa kama redio ni ya zamani. Jina liandikwe kwa kalamu laini ya wino, na isibandikwe karatasi ya gundi.

Mwisho, CD ijaribiwe kwenye redio isiyosoma MP3 kabla ya safari. Ikiimba hapo, hata ile redio ya bibi ina nafasi kubwa ya kuimba, na wajukuu hawatakaa kimya wakitazamana.