Waigizaji Wanavyowafunza Wengine Kuhutubia

Demosthenes, aliyekuja kuwa msemaji maarufu kuliko wote katika Ugiriki ya kale, alianza vibaya. Watu wa Athens walimcheka hadharani, akaondoka amejifunika kichwa kwa uchungu. Mwandishi Plutarch anasimulia kwamba mwigizaji mmoja, Satyrus, alimfuata hadi nyumbani. Demosthenes akamlalamikia: anajitesa kuandaa hotuba, halafu mabaharia walevi wasiojua kitu ndio wanaosikilizwa. Satyrus hakubishana naye. Alimwomba atamke kwa kichwa kipande cha tamthilia ya Euripides au Sophocles. Demosthenes alipomaliza, Satyrus akakirudia kipande kile kile kwa hali na moyo wa mhusika, na msikilizaji wake akaona kama anasikia maneno mengine kabisa. Baada ya hapo Demosthenes alijijengea chumba chini ya ardhi cha kufanyia mazoezi ya sauti, na inasemekana alikuwa akinyoa nusu ya kichwa ili aone haya kutoka nje kabla ya kutimiza miezi miwili au mitatu.

Kazi ya Satyrus leo ni taaluma kamili. Chuo cha uigizaji cha RADA cha London, kilichoanzishwa mwaka 1904, kina kitengo cha kuwafunza mameneja na viongozi namna ya kuzungumza mbele ya watu. Wengi wanaojiandikisha kwenye mafunzo ya aina hii hudhani wataonyeshwa jinsi ya kujifanya: namna ya kutabasamu, namna ya kurusha mikono. Mkufunzi mzuri haanzii huko. Anaanza na pumzi.

Hofu ina njia yake mwilini. Mtu akisimama mbele ya ukumbi, mabega hupanda, pumzi hukimbilia juu kifuani, koo hukaza, na sauti hutoka nyembamba. Mbaya zaidi, mwisho wa sentensi humezwa, na mara nyingi neno lenye uzito liko hapo hapo mwisho. Waigizaji walilazimika kulitatua tatizo hili zamani, kabla ya vipaza sauti. Ndiyo maana mwanafunzi hulazwa chali sakafuni, magoti juu, mkono mmoja tumboni, aone tumbo linavyoinuka anapovuta pumzi na linavyoshuka anapoitoa kwa mlio mrefu wa “sss”. Siku chache za zoezi hilo humwonyesha kwamba sauti ina nguvu isiyohitaji kupiga kelele. Kisha huja vitanza ndimi. Kiswahili kimejaa vitanza ndimi, na anayeweza kusema “Wale wari wale wali wa Liwali wale” mara tatu bila kuteleza tayari ameamsha ulimi na midomo.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Lionel Logue. Mwaustralia huyu hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu wa matamshi aliyepata uzoefu wa jukwaa kwa kughani na kuandaa michezo ya kuigiza mjini Perth, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia aliwasaidia askari walioathirika usemi. Mwezi Oktoba 1926 alimpokea London mtoto wa mfalme wa Uingereza, aliyekuwa na kigugumizi na ambaye mwaka mmoja nyuma alikuwa amehangaika mno kutoa hotuba uwanjani Wembley. Logue alimpa mazoezi ya kupumua ya kila siku. Mei 1927 mtu huyo alifungua bunge la Australia mjini Canberra, na hotuba ikaenda vizuri. Tarehe 3 Septemba 1939, akiwa Mfalme George VI, alilitangazia taifa kwa redio kwamba vita vimeanza, Logue akiwa pamoja naye. Nakala ya Logue ya hotuba ile ina vistari vya kalamu kuonyesha mahali pa kutua. Mfalme hakupona kigugumizi moja kwa moja. Alijifunza mahali pa kuvuta pumzi.

Vistari hivyo vinastahili kutazamwa na kila mtu anayesoma hotuba kwenye karatasi, kwa sababu hotuba nyingi huandikwa kwa ajili ya macho. Cicely Berry, aliyeongoza mafunzo ya sauti katika kampuni ya Royal Shakespeare kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, alikuwa na zoezi la kuutia mwili ndani ya maandishi: mwigizaji hutembea chumbani akisoma kwa sauti, na kila akifika kwenye mkato au nukta anageuka na kwenda upande mwingine. Jaribio hili linafaa hotuba ya harusi sawasawa na ripoti ya mwaka. Penye sentensi fupi fupi msomaji hugeuka geuka kama aliyepotea njia, na kama ni tamthilia, moyo wa mhusika aliyechanganyikiwa hujulikana papo hapo. Penye sentensi yenye mistari saba, anagonga ukuta kabla ya kufika nukta. Hapo hahitaji kuambiwa na mtu kwamba sentensi ile ikatwe.

Kutoka Moscow lilikuja jambo jingine. Konstantin Stanislavski, mmoja wa waanzilishi wa Ukumbi wa Sanaa wa Moscow mwaka 1898, alisisitiza kwamba mwigizaji asiulize “nihisi nini?” bali “nataka nini kwa huyu aliye mbele yangu?” Wakufunzi wa hotuba wameigeuza kanuni hiyo kuwa kazi ya vitenzi. Chukua sentensi moja ya mwenyekiti wa kijiji: “Kisima kimekauka.” Aiseme kwa nia ya kutaarifu, kisha kulaumu, kisha kuhimiza watu washike majembe. Maneno ni yale yale mawili, lakini kasi, macho na kituo vitabadilika vyenyewe bila kufundishwa ishara hata moja. Msemaji anayepitia hotuba yake na kuandika kitenzi pembeni mwa kila aya hugundua haraka aya ambayo haina kazi yoyote.

Anayefundisha ishara kabla ya nia anamharibu mwanafunzi. Mkono uliopangwa nyumbani huchelewa kufika, na hadhira huliona hilo hata kama haiwezi kulieleza.

Mwigizaji wa Marekani Alan Alda ameipeleka elimu hii kwa wanasayansi. Kwa miaka mingi kuanzia 1993 aliendesha kipindi cha televisheni cha kuwahoji watafiti, akaona kwamba walieleweka zaidi walipoacha kuhadhiri na kuanza kuzungumza naye. Aliwahi kuwachukua wanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Southern California: kila mmoja akaeleza kazi yake kwa ufupi, wakashinda mchana wakicheza michezo ya kubuni papo kwa papo, kisha wakaeleza tena. Tofauti ilionekana. Mwaka 2009 akasaidia kuanzisha kituo cha mafunzo hayo katika Chuo Kikuu cha Stony Brook, jimbo la New York.

Michezo hiyo ina asili katika kazi ya Viola Spolin wa Chicago, na maarufu kati yake ni zoezi la kioo. Watu wawili wanatazamana. Mmoja anainua mkono taratibu, mwenzake anamfuata kwa wakati ule ule, kama sura kwenye kioo. Kiongozi akienda mbio, kioo kinavunjika, na kosa ni lake, kwa kuwa ni wajibu wake kuhakikisha mwenzake anaweza kumfuata. Mhadhiri aliyecheza zoezi hili kwa robo saa huanza kuzitazama nyuso za wanafunzi wake anapofundisha, na akiona paji la uso limekunjamana anarudi nyuma hatua moja.

Afrika Mashariki haina upungufu wa walimu wa elimu hii. Taasisi ya sanaa ya Bagamoyo, TaSUBa, inafundisha uigizaji, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa na masomo ya sanaa za maonyesho tangu miaka ya 1960, na huko Kenya maelfu ya wanafunzi hupita kila mwaka katika mashindano ya kitaifa ya drama. Wahitimu hawa mara nyingi huitwa mikutanoni kutumbuiza kabla ya mgeni rasmi kuanza kusoma karatasi yake. Wangeitwa wiki mbili mapema, wafungiwe chumbani na mgeni huyo pamoja na hotuba yenyewe, wamtembeze kutoka ukuta hadi ukuta na kumwuliza kila aya anataka watu wafanye nini.