Familia Ikihama, Mkanda wa Mtoto Utakuwaje?

Barua ya uhamisho ikifika nyumbani, mama ndiye anayeanza kuhesabu. Vyombo vifungwe vipi, watoto watasoma wapi, kanisa liko umbali gani na nyumba mpya. Watumishi wa serikali na wa makanisa wamekuwa wakipangiwa kazi Ngara na Biharamulo wakitokea Mwanza, Arusha au Dar es Salaam, na familia zao huwafuata. Siku hizi katika mizigo hiyo huweza kuwemo kitu ambacho mama zetu hawakukijua: sare nyeupe ya karate, na juu yake mkanda wa kijani au wa kahawia ambao mtoto ameutolea jasho kwa miaka mitatu.

Ndipo mtoto anapouliza, "Mama, tukifika huko nitarudishwa mkanda mweupe?"

Wengi wetu hujibu haraka tu ili kumnyamazisha. Lakini mtoto akiahidiwa jambo lisilowezekana, atavunjika moyo siku ya kwanza, na huenda akaacha kabisa mchezo uliokuwa umemfundisha adabu na kujitawala. Na mzazi asiyejua taratibu huweza kujikuta akilipia mara ya pili kile alichokwisha kukilipia. Tuliangalie basi swali hili kwa utulivu.

KWA NINI MKANDA SI KAMA DARASA

Mtoto wa darasa la tano akitoka Mwanza na kuhamia shule ya serikali Biharamulo, huendelea na darasa la tano. Shule zile mbili zina wizara moja na mtaala mmoja. Karate haiko hivyo. Ina mitindo mingi, kama Shotokan, Goju-ryu, Wado-ryu na Shito-ryu, na kila mtindo una vyama vyake vinavyotahini wanafunzi wake.

Tofauti hiyo si ya jina tu. Katika karate kuna mazoezi yaitwayo kata, yaani mapigo na kinga zinazofuatana kwa mpangilio maalum, ambayo mwanafunzi huyafanya peke yake. Mtoto wa Shotokan huanza na kata za Heian. Wa Goju-ryu huanza kwa kawaida na Gekisai, na hufundishwa pia Sanchin, ambayo hutilia mkazo upumuaji na kusimama imara. Mtoto mwenye mkanda wa kijani wa Shotokan akiingia kwa mwalimu wa Goju-ryu, atawakuta wadogo zake wakifanya mambo asiyoyajua. Si kwamba alidanganywa kule alikotoka. Alisoma kitabu kingine.

Hata ndani ya mtindo mmoja rangi hutofautiana. Madaraja ya chini, yaitwayo kyu, huhesabiwa kwa kurudi nyuma hadi kyu ya 1, ndipo unakuja mkanda mweusi ambao madaraja yake, yaitwayo dan, huhesabiwa kwenda juu. Mkanda wa kijani wa klabu moja huweza kuwa kyu ya 6, na wa klabu nyingine kyu ya 4. Kwa hiyo, mama, ukiulizwa daraja la mwanao usitaje rangi peke yake. Taja na namba ya kyu.

Taekwondo ina nafuu kidogo. Kituo cha Kukkiwon kilichoko Seoul, Korea Kusini, kilichofunguliwa mwaka 1972, hutoa vyeti vya mkanda mweusi vinavyotambuliwa katika nchi nyingi. Lakini mikanda ya rangi, ambayo ndiyo watoto wengi wanayo, hutolewa na mwalimu wa klabu.

MKANDA ULITOKA WAPI

Utaratibu huu ulianzishwa na mwalimu wa shule. Jigoro Kano wa Japani alianzisha judo mwaka 1882, na mwaka uliofuata akawapa wanafunzi wake wawili daraja la kwanza la dan. Gichin Funakoshi alichukua utaratibu huo na kuanza kutoa dan katika karate mwaka 1924. Mikanda ya rangi nyingi ilienea baadaye huko Ulaya, ili mwanafunzi asikate tamaa katika safari ndefu ya kutoka mweupe hadi mweusi.

Hapa kwetu, Mmarekani mweusi Nantambu Camara Bomani alianza kufundisha Goju-ryu Dar es Salaam katika miaka ya 1970. Zanzibar nayo ilifundishwa judo na Mjapani Tsuyoshi Shimaoka tangu miaka ya 1990. Katika historia hii yote mkanda umekuwa ni neno la mwalimu kwa mwanafunzi wake: "Nimekuona, umefika hapa." Mwalimu mwingine huliheshimu neno hilo, lakini naye ana haki ya kuona kwa macho yake.

Sisi Wakristo tunalielewa jambo hili. Mtu anapohama parokia au usharika huchukua barua ya utambulisho. Barua hiyo humfungulia mlango, lakini haimfanyi kuwa mzee wa kanisa Jumapili ya kwanza. Kwanza watu humwona na kumfahamu.

Wenyeji wa Ngara wanalijua hilo kwa namna ya uchungu zaidi. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wanaokadiriwa kuwa robo milioni walivuka mpaka pale Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda, kwa muda wa siku moja hivi. Katika umati mkubwa namna ile walikuwemo walimu, wakunga na mafundi. Cheti kilichoachwa nyuma hakikuuondoa ufundi mikononi mwao. Lakini asiyewafahamu angeujuaje ufundi huo bila kuuona?

KABLA YA KUFUNGA MIZIGO

Nenda kwa mwalimu wa zamani mkiwa pamoja na mtoto. Mwageni kwa heshima, kisha omba barua fupi yenye mambo haya: jina la mtoto, mtindo anaofundishwa, mwezi na mwaka alioanza, namba ya kyu, tarehe ya mtihani wa mwisho, kata anazozijua, na namba ya simu ya mwalimu. Iweke barua hiyo pamoja na vyeti vyake vya karate, mahali unapotunza cheti cha kuzaliwa.

Mwalimu akitaka kumpa mtoto mkanda wa juu zaidi kama zawadi ya kuagana, mshukuru na umkatalie kwa upole. Zawadi hiyo itamwaibisha mtoto mbele ya mwalimu mpya.

MKIFIKA

Mara ya kwanza nenda ukatazame tu. Uliza ni mtindo gani, mwalimu mwenyewe alifundishwa na nani, mitihani hufanywa lini na ada yake ni kiasi gani. Angalia kama wazazi wanaruhusiwa kukaa na kutazama, na kama wasichana wanaheshimiwa. Darasa la watoto linalofungiwa milango wazazi wasione, msimpeleke mtoto wenu humo, hata kama mwalimu ana mikanda kumi.

Kisha mpe barua na umwulize, "Mwalimu, kwako mtoto huyu avae mkanda gani?" Kuna majibu matatu ya haki. Wa kwanza atasema avae mkanda wake hadi atakapomtahini. Wa pili atasema avae mweupe kwa miezi michache, kisha atampandisha kwa kadiri ya uwezo wake. Wa tatu, hasa kama mtindo ni mwingine, atasema aanze mwanzo. Usibishane naye mbele ya mtoto.

Jibu la kuogopwa ni lile la mwalimu asiyetaka hata kumwona mtoto akifanya mazoezi, bali anadai ada ya mitihani yote tangu mkanda wa kwanza. Au yule anayeahidi mkanda mweusi upesi kwa malipo. Huyo anauza kitambaa.

KAMA HAKUNA DARASA KARIBU

Huenda mkapangiwa Rulenge, Nyakahura au kijiji cha mbali, na darasa la karibu likawa mbali na nauli ikawa kubwa. Hapo mtoto asikate tamaa. Afanye kata zake uani mara mbili au tatu kwa wiki, na aandike tarehe katika daftari. Kaka na dada zake wasigeuzwe gunia la kupigia. Likizo mkienda mjini, amtembelee mwalimu wake arekebishwe makosa. Mkanda hauozi sandukuni. Kinachofifia ni mazoezi yakiachwa.

JE, KUINAMA NI KUABUDU?

Akina mama wengine wana wasiwasi na ile desturi ya kuinama mwanzoni na mwishoni mwa mazoezi. Kwa Wajapani kuinama ni salamu. Hapa Kagera nasi tumezoea kumwona binti akipiga magoti kumsalimu mkubwa, wala hatusemi anamwabudu. Lakini mwalimu akidai watoto waombe mbele ya picha au kutaja mizimu, hapo mzazi Mkristo aseme hapana, na amwondoe mwanawe bila ugomvi.

NENO LA KUMWAMBIA MTOTO

Turudi sasa kwenye lile swali. Usimwahidi mwanao kwamba mkanda wake utakubaliwa, wala usimtishe kwamba umepotea. Mwambie hivi: "Mkanda huo ni wako. Uliupata kwa haki, na hakuna atakayekunyang'anya. Lakini huko tuendako wewe ni mgeni, na mgeni hungoja kuonyeshwa mahali pa kuketi."

Msomee Luka 14, pale Bwana Yesu anapofundisha juu ya mgeni wa arusi anayechagua kiti cha nyuma, mwenye arusi akaja kumwita mbele. Mtoto anayejua kata zake hata akivaa mweupe, mwalimu mwenye macho atamwona ndani ya wiki chache. Na yule aliyeng'ang'ania mkanda asioustahili, naye ataonekana katika wiki hizo hizo.

Nasi wazazi tujiangalie. Wakati mwingine anayeumia kuliko wote mkanda ukirudi mweupe ni mama aliyekwisha kuwasimulia majirani. Mtoto akituona tumetulia, naye atatulia. Atafunga mkanda wake mweupe, atasimama safu ya nyuma, na ataanza kazi.