Matumbawe Sebuleni: Mpokee Mgeni kwa Tahadhari

Wengi wetu tunalifahamu tangi la samaki wadogo wa maji baridi. Lakini katika nyumba nyingi za Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba lipo tangi la namna nyingine. Limejaa maji ya chumvi, na ndani yake hufugwa matumbawe hai pamoja na konokono, kamba, kaa na viti vya pweza. Taa zake zikiwashwa, humvutia mkubwa kwa mdogo.

Wapo wasomaji wetu wanaoishi huko na familia zao, na wapo dada na mabinti zetu wanaofanya kazi katika nyumba hizo. Mara nyingi baba mwenye nyumba ndiye anayenunua tumbawe jipya, lakini mama, mtoto au msaidizi wa kazi ndiye anayeshinda karibu na tangi, na pengine huambiwa alisafishe. Kwa hiyo sisi tulio katika kazi ya uuguzi tumeona vema tulizungumze jambo hili.

Tumbawe ni kiumbe hai

Tumbawe si jiwe wala si ua. Ni mnyama, na mara nyingi ni kundi kubwa la wanyama wadogo wanaoishi pamoja. Aina nyingi huhifadhi mwilini mwao mwani mdogo sana, ambao huhitaji mwanga ili kutengeneza chakula. Ndiyo sababu tangi lenye mwanga hafifu haliwafai.

Wanyama hawa hawana uwezo mkubwa wa kuvumilia mabadiliko ya ghafla ya chumvi na joto. Maji ya bahari yana chumvi gramu 35 hivi kwa kila kilo ya maji, na tangi la matumbawe hudumishwa kwenye joto la nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi. Tangi jipya lisiwekewe wanyama siku ileile. Linahitaji majuma kadhaa ili bakteria wenye manufaa waongezeke na kuondoa amonia itokanayo na uchafu.

Kumpokea mgeni

Tumbawe au konokono akifika kutoka dukani, mfuko wake huelezwa juu ya maji ya tangi kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane. Kisha maji ya tangi huongezwa kidogo kidogo katika chombo alichomo, hata azoee chumvi yake. Maji aliyokuja nayo yamwagwe, yasiingie tangini.

Kabla ya kumweka pamoja na wengine, achunguzwe. Huenda amebeba mayai ya konokono waharibifu au minyoo bapa. Wafugaji waangalifu humweka kwanza katika tangi la peke yake kwa majuma kadhaa, kama vile hospitalini tunavyomtenga mgonjwa mwenye ugonjwa wa kuambukiza. Akishahamishwa, huwekwa chini penye mwanga mdogo, kisha hupandishwa polepole. Apewe nafasi, maana matumbawe jirani huumana kwa miiba yenye sumu. Tena dawa za samaki zenye shaba zisitiwe tangini, kwani huua konokono, kamba na matumbawe.

Sumu isiyoonekana

Hayo yote ni kwa ajili ya usalama wa mgeni. Sasa tutazame usalama wa wenyeji.

Kuna matumbawe laini yanayofanana na vifungo vya nguo vilivyopangwa juu ya jiwe, kila kimoja kikiwa na nyuzi fupi pembeni. Majina yake ya kisayansi ni Palythoa na Zoanthus. Hupendwa kwa rangi zake na kwa kuwa ni rahisi kufuga. Lakini baadhi yake yana sumu iitwayo palitoksini, mojawapo ya sumu kali kabisa zinazojulikana. Wanasayansi wa Hawaii walitangaza kuitenga mwaka 1971. Sumu hii huharibu kazi ya kupitisha chumvichumvi katika kuta za seli, hata misuli, moyo na mapafu huathirika.

Mwezi Agosti 2014, huko Anchorage katika jimbo la Alaska, mwanamume mmoja alifika hospitali akiwa na homa, udhaifu, kikohozi, maumivu ya misuli na ladha chungu ya chuma mdomoni. Saa 7 hadi 8 kabla ya hapo, matumbawe mapya ya aina hiyo yalikuwa yametiwa katika tangi lake. Mwezi Machi 2018, katika kijiji cha Steventon, Uingereza, familia iliugua baada ya tangi lao kusafishwa, na baadhi ya waokoaji waliofika kusaidia nao walipelekwa hospitali.

Akina mama, hapa pana jambo la kushika sana. Siku zote tunafundisha kwamba maji ya moto huua vijidudu. Kwa matumbawe haya, kanuni hiyo ni hatari. Sumu haiharibiki kwa kuchemshwa, na mvuke huweza kuipeleka moja kwa moja mapafuni mwa kila aliyemo chumbani.

Mambo ya kuzingatia

1. Usichemshe jiwe lenye matumbawe, wala usilimwagie maji ya moto. Usilisugue kwa brashi likiwa kavu au nje ya maji.

2. Vaa glavu ndefu na miwani ya kukinga macho. Mwenye kidonda au mchubuko mkononi asiguse kabisa.

3. Fungua madirisha. Watoto na wanyama wa nyumbani wakae mbali.

4. Usifyonze bomba kwa mdomo ili kutoa maji.

5. Ndoo, kisu na brashi za tangi zisitumike jikoni. Baada ya kazi, viloweshwe nusu saa katika maji yenye dawa ya klorini ya kufulia, mbali na tangi. Dawa hiyo isichanganywe na dawa nyingine.

6. Binti uliyeajiriwa, uliza jina la tumbawe kabla ya kuligusa. Ukikosa glavu, sema kwa adabu kwamba hutaweza kazi hiyo. Kuuliza si kukosa heshima.

Dalili zikitokea

Angalia ladha ya chuma mdomoni, kikohozi, kubanwa kifua, homa, ganzi au macho kuuma. Watu huweza kudhani ni mafua makali. Toka nje upate hewa safi, na watoe wengine. Sumu ikiingia machoni, yasafishe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15; ikigusa ngozi, osha kwa sabuni na maji mengi. Kisha nenda hospitali upesi, ukamweleze daktari waziwazi kwamba umeshika matumbawe. Hakuna dawa maalumu ya kuiondoa sumu hii; mgonjwa husaidiwa kupumua na kutibiwa dalili zake. Neno hilo moja, "matumbawe", laweza kumwokolea daktari saa nyingi za kubahatisha.

Hatusemi tangi livunjwe. Mwenye kupenda uzuri wa bahari na aupende, ila kila aliye nyumbani, pamoja na yule anayelisafisha, ajue ni mgeni gani ameingia.